Evita, cherehani na watu waliochoka kuombaomba

Kuna mazishi ya mwaka 1926 ambayo kila nikiyakumbuka roho inaniuma kama vile nilikuwepo. Wala siyo ya ndugu yangu, ni ya mzee mmoja wa Argentina anaitwa Juan Duarte, alikufa kwa ajali ya gari mwezi wa kwanza mwaka huo. Huyu mzee alikuwa na familia yake ya ndoa mji wa Chivilcoy, halafu alikuwa na nyumba ya pili kule Los Toldos, kijiji cha vumbi mkoa wa Buenos Aires, kwa mwanamke anaitwa Juana Ibarguren, wakazaa watoto watano na wa mwisho ndo María Eva, kazaliwa tarehe 7 Mei 1919. Eva hata hajapata akili vizuri baba keshawaacha karudi kwa wale wa ndoa. Sasa alipokufa bi Juana akawavalisha watoto nguo nyeusi akawapeleka wakamzike baba yao. Kufika mlangoni wakazuiwa. Yaani watoto watano na mama yao wamesimama nje ya nyumba ya msiba, ndani watu wanalia na nje watu wanabishana hawa waingie au wasiingie. Mwisho wakaruhusiwa kumuaga na kufuata jeneza, lakini nyuma kabisa. Eva alikuwa na miaka 6.

Mie naamini kila kitu alichokuja kufanya yule mwanamke baadaye, kizuri na kibaya, kilianzia pale mlangoni.

Huyo Eva ndo Evita, na wengi wetu tunamjua kama yule dada mrembo wa nywele za blondi zilizofungwa kwa nyuma, mke wa Rais Juan Perón, magauni ya Paris, vito, balkoni, umati unalia. Mimi mwenyewe nilimjua hivo hivo kwa miaka. Nilichokuja kukipenda mimi ni kitu kingine kabisa, ni ile meza yake. Nitafika huko.

Kwanza niwaambie kwa nini hii habari imenikaa. Mama yangu ni fundi cherehani, mpaka leo anashona barazani kwake Tanga, cherehani ya miguu ile ile iliyotusomesha. Na bi Juana mama yake Eva naye alikuwa fundi, alibaki na watoto watano bila hata senti na ile Singer yake, anashonea watu mpaka usiku. Mwaka 1930 wakahamia Junín, mji mkubwa kidogo, pale akawa anapikia na wageni chakula cha mchana kwa malipo, mama ntilie wa nyumbani kabisa. Na majirani wakawa wanasema yao, unajua mwanamke asiye na mume akianza kupikia wanaume mezani watu hawakosi la kusema. Mie hayo maneno nayajua, nimekua nayo. Neno mtoto wa nje nimelisikia nikiwa darasa la pili na nikaenda kumuuliza mama nje ya nini, hakunijibu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Bas, Eva akiwa na miaka 15, mwaka 1935, akaondoka Junín akaenda Buenos Aires mjini kutafuta uigizaji. Hakuwa na mtu wa maana pale, alilala vyumba vya bei ya chini, akipata sehemu ndogo kwenye tamthilia anaongea sentensi mbili anarudi kulala njaa. Redio ndo ilimtoa. Miaka ya 40 mwanzoni alikuwa keshakuwa jina kubwa kwenye michezo ya redio, na mwaka 1943 akaanza kuigiza mfululizo wa maisha ya wanawake wakubwa wa historia, malkia na wake za watawala. Fikiria mtoto aliyezuiwa mlangoni kwenye msiba wa baba yake sasa hivi nchi nzima inakaa kimya jioni kumsikiliza akiwa malkia.

Tarehe 15 Januari 1944 likapiga tetemeko la ardhi mji wa San Juan, likaua watu kama elfu kumi. Wasanii wakakusanywa kuchangisha, na kwenye tamasha la uwanja wa Luna Park tarehe 22 mwezi huo huo ndo akakutana na Kanali Juan Perón, alikuwa ndo mkubwa wa idara ya Kazi kwenye serikali ya kijeshi, mjane, kamzidi miaka zaidi ya ishirini. Wakawa pamoja. Perón kipindi hicho anawapa wafanyakazi vitu ambavyo hawajawahi kuviona, likizo za malipo, mikataba, mahakama za kazi, na wenzake jeshini wakaanza kumuogopa, Oktoba 1945 wakamfunga kwenye kisiwa cha Martín García. Tarehe 17 Oktoba wafanyakazi wakatoka viwandani, wa machinjioni Berisso na Avellaneda, wengine walivuka mto kwa maboti na maubao maana madaraja yaliinuliwa, wakajaa Plaza de Mayo, ule uwanja mkuu wa Buenos Aires, mpaka akaachiwa. Kuna hadithi kwamba Eva ndo alizunguka viwandani kuwaamsha, hapana, hiyo ilipambwa baadaye, siku ile kazi ilifanywa na vyama vya wafanyakazi wenyewe. Nalisema hili kwa sababu kumpenda mtu siyo kumpa sifa za wenzake.

Siku tano baadaye wakafunga ndoa ya bomani pale Junín. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho kwangu ni kikubwa. Kwenye hiyo ndoa cheti cha kuzaliwa cha Eva kilikuwa cha kugushi, kimeandikwa kazaliwa Junín mwaka 1922, jina Duarte kama mtoto wa ndoa. Anaolewa na mwanaume anayeelekea kuwa rais na bado ile aibu ya mlangoni inambana, kiasi cha kutaka karatasi idanganye. Wapinzani wake waliitumia sana hii kumcheka, mie sijawahi kuona cha kucheka.

Perón akashinda uchaguzi Februari 1946, Juni akaapishwa, na Eva akawa mke wa rais akiwa na miaka 27.

Sasa Argentina ya wakati ule ilikuwa na utaratibu wake wa maskini. Kulikuwa na jumuiya ya hisani ya wanawake wa kitajiri, Sociedad de Beneficencia, ilianzishwa tangu 1823, wao ndo walisimamia hospitali na nyumba za mayatima kwa pesa ambazo sehemu kubwa zilitoka serikalini. Watoto wa kwenye zile nyumba walivalishwa sare za rangi moja na kunyolewa vipara, na kuna siku walitolewa mitaani wakasimame na makopo kuchangisha. Ukikutana naye njiani tu unajua huyu ni yatima. Ndo tena inasemekana wale wakina mama walikuwa na desturi ya kumpa mke wa rais urais wa heshima wa jumuiya, ila kwa Eva wakasema bado mdogo sana. Hiyo stori ya kumkataa inapendwa kusimuliwa, na inasimuliwa kwa namna nyingi, lenye uhakika ni kwamba 1946 serikali ikaiweka jumuiya chini ya usimamizi wake na baadaye ikaisha kabisa. Na mwaka 1948 Eva akaanzisha mfuko wake mwenyewe.

Meza sasa.

Ofisi yake ilikuwa kwenye jengo la idara ya Kazi, pale pale Perón alipoanzia, karibu na Plaza de Mayo. Mchana watu wanajipanga foleni, wanaingia mmoja mmoja au familia, wamama na watoto mgongoni, wazee, wagonjwa, na yeye kakaa mezani anawasikiliza. Mmoja anataka kitanda, watoto sita wanalala godoro moja. Mwingine anataka kazi, mwingine meno, mwingine mume yuko hospitali hakuna wa kumlipia. Karani anaandika. Na Eva hakuishia kwa kile kilichoombwa, anauliza, mnakaa wangapi, paa linavuja, huyo mtoto anakohoa tangu lini, unajikuta umekuja kuomba godoro unaondoka na godoro, dawa na barua ya nyumba. Chini ya makaratasi mezani alikuwa anaweka noti, anampa mtu nauli ya kurudia kwao ili asitembee, na noti zikimuishia anawageukia mawaziri na wageni waliokaa hapo kumsubiri, anawakopa wao. Mabalozi walikuwa wanawekwa kusubiri huku wanaangalia mama wa shamba anaeleza habari za choo chake. Ilikuwa inaenda mpaka usiku mnene, kuna nyakati anarudi nyumbani alfajiri wakati Perón anaamka kwenda kazini.

Waliokuwepo wameeleza kwamba alikuwa anawabusu wagonjwa wenye vidonda usoni na anagombeza ukitaka kumfuta shavu.

Naombeni niseme yangu hapa kidogo. Nilipofaulu kwenda kidato cha tano mama alikwenda ofisi moja, sitaitaja, walikuwa na msaada wa ada kwa watoto wa wajane na wa mama waliobaki peke yao. Nilikwenda naye. Tulifika saa moja asubuhi, tukasimama mpaka saa nane mchana, na tulipofika dirishani yule karani akamwambia mama kwa sauti watu wote wasikie, lete barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba wewe ni maskini, na nguo uliyovaa mbona siyo ya mtu maskini. Mama alikuwa kavaa gauni alilolishona mwenyewe usiku ule kwa ajili ya kwenda pale, kwa sababu unapokwenda ofisi ya watu unavaa vizuri. Msaada tulikuja kuupata, mwaka mzima wa ada, na mama mpaka leo hilo gauni hajalivaa tena. Kwa hiyo mtu akiniambia muhimu ni kupata msaada siyo namna unavyopewa mimi siwezi kukubaliana naye, samahani.

Ndo maana niliposoma habari za zile nyumba za mpito nililia. Eva alijenga nyumba tatu Buenos Aires za wanawake na watoto waliokosa pa kulala, wanakaa hapo mpaka wapatiwe kazi na nyumba. Na humo ndani hakuweka vitanda vya chuma na kuta za kijivu, aliweka mapazia ya maana, makochi mazuri, taa za kioo, vitambaa vya meza, maua. Watu wakasema huyu kachanganyikiwa, maskini anakwenda kuharibu makochi. Jibu lake lilikuwa kwamba maskini wameishi miaka mia kwenye nyumba mbaya, na miaka mia hiyo hufidii kwa nyumba ya wastani, unafidia kwa kuzidisha. Na watoto wa kwenye nyumba zake hawakunyolewa wala hawakuvaa sare ya uyatima, walikwenda shule za kawaida na wenzao. Hakulipenda hata lile neno hisani, wala sadaka. Alisema anachotoa ni haki ya mtu, amechelewa kupewa tu. Penye shida hapo hapo pamezaliwa haki, ndivyo alivyokuwa akisema na huo msemo mpaka leo Argentina unaandikwa ukutani.

Ukubwa wa ule mfuko ulikuwa wa kutisha. Ulikuja kuwa na wafanyakazi kama 14,000, karibu nusu yao mafundi wa ujenzi. Barua zilikuwa zinaingia hadi 12,000 kwa siku, za kuandikwa na watu wengi ambao hawajawahi kuandika barua maishani mwao. Walitoa viatu kama jozi 400,000 kwa mwaka, vyungu, magodoro, midoli ya Krismasi, na cherehani, cherehani nyingi mno. Mie nikisoma hiyo ya cherehani nafikiria bi Juana na Singer yake, siamini kwamba ilikuwa bahati tu. Mtu mwingine akitaka kumsaidia mwanamke maskini atampa unga. Aliyekulia chini ya meza ya fundi anajua ukimpa cherehani hatorudi tena kwenye foleni.

Walijenga hospitali kubwa Avellaneda, Lanús na San Martín, yaani vitongoji vya wafanyakazi na siyo katikati ya mji. Shule ya manesi. Jengo la wasichana wanaofanya kazi mjini, pale Avenida de Mayo kabisa, barabara ya wenye nazo, ili binti katoka mkoani asihangaike kama alivyohangaika yeye. Mwaka 1951 wakatoa treni iliyogeuzwa hospitali, inazunguka mikoani inapima watu na kutibu bure. Halafu kulikuwa na mashindano ya mpira ya watoto, nchi nzima, na ili mtoto acheze lazima kwanza apimwe na daktari na kuchanjwa, hapo utaona akili ilivyotumika maana mtoto hatakuja kupimwa kifua lakini kwa mpira atakuja mbio. Mwaka 1949 walituma mpaka nguo kwa watoto maskini wa Washington, Marekani.

Na kura ya wanawake. Hapa pia lazima niwe mkweli, hiyo vita ilipiganwa miaka mingi kabla yake na wanawake kama Julieta Lanteri, ambaye 1911 alifanikiwa kupiga kura Buenos Aires kwa kutumia pengo la sheria wakaliziba baada ya hapo, na Alicia Moreau wa chama cha Kisoshalisti. Wengi wao hawakumpenda Eva kabisa. Lakini kuna tofauti ya kuwa na hoja na kuwa na nguvu, Eva alikuwa na nguvu na akaitumia, sheria ikapita Septemba 1947, namba 13,010, akapewa nakala yake mbele ya umati. Mwaka 1949 akaunda chama cha wanawake, akatuma mabinti mikoani kufungua matawi, na kwenye uchaguzi wa Novemba 1951 wanawake wakapiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza, wakaingia bungeni wanawake 23 na seneti 6, wote wa chama chake. Nchi ambayo siku moja kabla ilikuwa na sifuri.

Sasa mabaya. Siwezi kuandika habari ya mtu nikaacha nusu.

Pesa za mfuko zilitoka wapi? Vyama vya wafanyakazi vilichanga, bahati nasibu na kasino vikakatwa fungu, na mwaka 1950 ikawa sheria kabisa kwamba kila mfanyakazi atakatwa mshahara wa siku mbili kwa mwaka, ya Mei mosi na ya tarehe 12 Oktoba. Wafanyabiashara nao walichanga, na uchangaji wao ulikuwa wa kuombwa na mtu ambaye humwambii hapana. Inasimuliwa habari ya kiwanda kimoja cha pipi kilichodai bei yake kwa mzigo waliotoa, wakaja wakaguzi wakakuta eti uchafu, kikafungwa. Hesabu za mfuko hakuna aliyekuwa anazikagua kwa uwazi. Ukimuuliza Eva alikuwa anasema mahitaji ya watu hayasubiri makaratasi, na mimi moyo wangu unampa haki kwa sababu namkumbuka yule karani wa dirishani, lakini akili yangu inakataa. Ukishasema makaratasi hayana maana leo kwa sababu wewe ni mwema, kesho anakuja mwingine kwenye meza ile ile.

Na utawala wa mume wake ulikuwa unafunga watu. Cipriano Reyes, kiongozi wa wafanyakazi wa machinjioni, mmoja wa walioleta watu Plaza de Mayo ile tarehe 17 Oktoba, mtu aliyeokoa shingo ya Perón, 1948 akatupwa jela na hakutoka mpaka Perón alipopinduliwa. Ricardo Balbín wa upinzani naye akafungwa. Gazeti la La Prensa, kubwa na la zamani, mwaka 1951 likanyang'anywa wenyewe likapewa shirikisho la wafanyakazi. Eva hakupinga hata kimoja, alikuwa mbele akishangilia. Alikuwa na hasira ya mtu aliyezuiwa mlangoni, na hiyo hasira ndo ilimpa nguvu ya kukaa mezani mpaka alfajiri, na hiyo hiyo ndo ilimfanya asione tofauti ya adui wa maskini na mtu anayempinga tu mume wake. Nimejaribu sana kuvitenganisha hivi vitu viwili nikashindwa.

Lakini pia niulize, mbona wale waliokuwa wanamchukia hawakuwa wanamchukia kwa sababu ya Reyes? Walimchukia kwa sababu ya manyoya na almasi, kwamba huyu binti wa nje, mwigizaji, anavaa kama sisi. Walimuita yule mwanamke, hata jina hawakulitamka. Wenzake maskini ndo walitaka avae hivo. Na yeye aliwaita grasitas, neno ambalo matajiri walilitumia kama tusi kwa watu wachafu wachafu, yeye akalipunguza akalifanya la mapenzi, vijana wangu wa mafuta mafuta. Na descamisados, yaani wasio na mashati, nalo tusi, nalo likageuka jina la kujivunia.

Agosti 22 mwaka 1951 shirikisho la wafanyakazi liliitisha mkutano kwenye ile barabara pana ya Avenida 9 de Julio, watu wakaja na matreni kutoka nchi nzima, wanataka agombee umakamu wa rais. Ukisoma yaliyosemwa siku ile unashangaa, umati unabishana naye laivu, anaomba siku nne wanakataa, anaomba saa chache wanakataa, kubali sasa hivi, na yeye analia kwenye kipaza sauti. Jeshi halikutaka hata kusikia, mwanamke awe juu yao. Na yeye mwili ulishaanza kumuacha. Tarehe 31 akasema redioni kwamba ameacha.

Alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Januari 1950 alizimia kwenye hafla wakamtoa kidole tumbo, akarudi kazini kama hakuna kitu. Novemba 1951 akafanyiwa operesheni kwenye ile hospitali ya Avellaneda ambayo mfuko wake ndo uliijenga, na daktari aliyempasua, George Pack kutoka New York, aliingia chumbani Eva akiwa keshalazwa usingizi, Eva hakuwahi kumuona. Hawakumwambia anaumwa nini. Mwanamke aliyekuwa anauliza kila mtu unaumwa nini mwenyewe alifichwa. Siku chache baadaye ndo ule uchaguzi, wakamletea sanduku la kura kitandani, akapiga kura yake ya kwanza na ya mwisho akiwa kalala, na nje wanawake wamepiga magoti kwenye mvua.

Juni 4 mwaka 1952 akasimama kwenye gari la wazi kwenye kuapishwa kwa Perón kwa mara ya pili, mifupa mitupu ndani ya koti la manyoya. Julai 26, saa mbili na dakika 25 usiku, akafa. Miaka 33.

Maiti yake waliiweka wapi watu waje kuaga? Kwenye jengo lile lile la idara ya Kazi. Foleni ikaenda mitaa na mitaa, siku na siku, chini ya mvua, watu wale wale. Wazee waliokuja kuomba miwani. Wamama wa magodoro. Walikuwa wanaijua njia, ngazi wanazijua, walishawahi kuzipanda na watoto mgongoni, na safari hii wanaingia mmoja mmoja vile vile na hakuna wa kuwauliza mnakaa wangapi.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa sababu yananichosha. Septemba 1955 jeshi likampindua Perón, mfuko ukavunjwa, nyumba zikafungwa, magauni na vito vyake vikaanikwa watu waje waone jinsi mtetezi wa maskini alivyokuwa anavaa. 1956 ikatoka amri ya kukataza hata kutaja jina lake au la mumewe. Mwili wake uliokuwa umehifadhiwa kwa dawa waliuiba, wakaufichaficha, 1957 wakauzika Milan, Italia, kwa jina la mwanamke mwingine, María Maggi. Miaka kumi na nne jina siyo lake, tena kwenye karatasi ya uongo kama ile ya ndoa, ila safari hii hakuitaka yeye. Ulirudishwa kwa Perón Madrid mwaka 1971, ukafika Argentina 1974, na tangu 1976 amelala makaburi ya Recoleta kwenye kaburi la ukoo wa Duarte. Jina la baba yake limeandikwa pale juu.

Na 1954, miaka miwili baada ya kufa kwake, Argentina ilipitisha sheria iliyoondoa yale majina ya kubagua watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Hakuiona.

Mojawapo ya zile nyumba za mpito, ile ya mtaa wa Lafinur kule Palermo, sasa ni makumbusho yake, ilifunguliwa 2002. Natamani siku moja niende nikaone jiko lake na yale mapazia.

Wiki iliyopita nilikuwa Tanga nikamsimulia mama hii habari yote barazani, yeye anapinda gauni la mteja, sikujua kama ananisikiliza au la. Nilipofika kwenye cherehani akasimamisha mguu. Akaniuliza, walikuwa wanapewa mpya au zilizotumika? Nikamwambia mpya. Akasema mmh. Akakaa. Halafu akaniuliza, kafa na miaka mingapi huyo?

Thelathini na tatu mama.

"Maskini, mdogo hata kwako," akasema, akavuta kitambaa akaendelea kushona.